Ngwe Tatu, Jembe Moja

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mapeasi yameiva, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake. Unauliza ufanyeje na kazi zote ulizozikubali kwa wakati mmoja.

Enzi za Ujamaa kila mtu alipimiwa ngwe yake ya kulima kwenye shamba la kijiji, kule mteremkoni. Mimi, bi harusi mpya mpenda sifa, niliahidi kulima yangu, ya wifi, na ya jirani yetu Mama Salimu aliyekuwa amejifungua. Nikawa nalima kidogo huku, kidogo kule, kila mmoja aone nimefika. Mvua zikakaribia, hakuna ngwe iliyokwisha. Nikaanza kumkwepa Mama Salimu njiani.

Siku moja akanikuta mtoni. Nikasema kweli: "Yako nairudia Alhamisi, si kabla."

Akacheka. "Kumbe! Si ungesema tu? Alhamisi nakungoja na uji."

Kesho yake niliimaliza yangu huku naimba, kwa jembe lile lile. Wifi naye nikamtajia siku yake. Na Alhamisi uji ulikuwepo.

Nami nitajie siku yangu ya kukuona, mwanangu. Hata ikiwa mbali, nitaingoja na uji.

Bibi yako