Vidonge vya Wakesho

Voi, Jumanne, 1956

Na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa soko kwamba mdogo wangu Wakesho amepona.

Alikuwa amenona, hakohoi, amerudi kwa bwana yake Mwanda kupanda maharagwe. Kumbe vile vidonge vya kifua kikuu alikuwa anagawana nusu kwa nusu na mama mkwe, kwa sababu yule mzee pia anakohoa. Sasa kikohozi kimerudi, amelazwa, na leo hospitali daktari amemuuliza kwa nini aligawana. Wakesho akasema, "Sasa daktari, nitameza dawa peke yangu na mama ananiangalia?" Kwetu hata ndizi moja inakatwa.

Daktari hakumgombeza. Amesema dawa nusu imeua wale wadudu wanyonge tu. Wale wakali wamebaki, wamezaa wakali wenzao, na sasa dawa haiwawezi. Nikamuuliza kama kuna dawa ingine. Akatikisa kichwa, akafunga faili.

Mimi naweza kuongea mpaka mtu akaachwa na gari la moshi, lakini pale niliinuka tu nikaenda kupika uji.

Jioni nimempelekea huo uji kitandani. Akaniambia, "Dada, leo umenyamaza kama mgeni. Hakuna umbea?" Basi nikampa ile ya fundi cherehani na mke wake wa siri kule Maungu. Amecheka, Mungu wangu, amecheka vizuri. Halafu kikohozi kikamshika, nikamshikia beseni, na damu bado iko mdomoni ananiambia, "Endelea, dada. Huyo mke akasema nini?"

Nikaendelea. Iliyobaki nimeitunga mwenyewe, maana sikutaka iishe.