Aliyekalia Kiti Chako

Wawira, nimejifungia kwa gari hapa parking, Houston.

Bendi tuliyoipenda tangu high school, hatimaye nimewaona live, na hata siwezi kukuambia walivyopiga!

Ile tiketi yako uliyouza online uliponyimwa off kazini, ilinunuliwa na msee wa kwetu. Anaongea Kiswahili kabisa! Kwa shoo ya roki, Texas! Nikafurahi kama mjinga. Tukaimba pamoja, tukapiga selfie.

Wimbo wa mwisho ulipoisha akaniinamia sikioni: "Ukirudi Mansfield, simama tena pale Huntsville unyooshe miguu, kama asubuhi."

Kama asubuhi, Wawira!

Huntsville nilisimama njiani nikija, peke yangu. Sikumwambia mtu, hata wewe sikukuambia. Na kwamba naishi Mansfield sikutaja kabisa.

Nikamuuliza, "Umejuaje?" Akacheka tu. "Endesha pole pole, dada."

Endesha pole pole, dada!

Sasa yuko kwa gari lake, nyuma yangu, taa zimewaka. Haondoki. Ananingoja nitangulie.

Na mafuta niliyo nayo hayawezi kunifikisha nyumbani bila kusimama mahali.