Minofu Niliyoiita Nguru

Jumatatu, 3 Machi
Makasha arobaini kutoka Mombasa leo. Minofu ya nguru, migumu kama matofali. Nimepima baridi, nimekata kipande, nimetazama nyama, nimenusa. Nikatia sahihi. Saa nne nilikuwa nishaketi na chai yangu.

Miaka ishirini na miwili nikikagua samaki katika kiwanda hiki cha Thika. Bado watu wa ofisi huniletea vipande kunijaribu, nami humtaja samaki kabla mlango haujafungwa. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Mama Ciku, mpishi wetu, ameomba vipande vilivyovunjika awapikie wafanyakazi kesho. Nimempa.

Jumatano, 5 Machi
Sijawahi kuona. Nusu ya wafanyakazi wanaharisha mafuta. Mafuta, rangi ya chungwa, yanatoka bila hodi. Watu wazima wanalia kwa aibu. Mimi nilinusurika kwa sababu jana nilikula githeri yangu, mahindi na maharagwe, niliyobeba kutoka nyumbani mtaani Kimbo.

Meneja alitaka ripoti kabla ya saa kumi. Nikaingia jikoni. Kitambaa kimoja tu, cha meza na cha mikono. Nikaandika: uchafu wa mpishi. Dakika ishirini, nikamaliza.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Ciku amefutwa kazi. Alipita kwangu na mkoba wake. "Madam, uko sure ni mikono yangu?"

Nikasema ndiyo. Samaki nilikuwa nimewaona mwenyewe.

Ile rangi lakini. Nimejua uchafu wa kila aina na haujawahi kutoa mafuta kwa mtu. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nimepeleka kipande cha yule samaki kwa Mwende, mtaalamu wa maabara pale Ruiru. Anasema watasoma sehemu fupi ya DNA, vile mashine ya dukani husoma mistari kwenye pakiti ya unga, kisha walinganishe na orodha ya samaki wa dunia nzima. Nikamcheka. Nikamwambia nguru namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu.

Jumatano, 12 Machi
Si nguru.

Mwende alipiga simu saa tano. "Madam, nimerudia mara mbili, nikadhani nimechanganya sampuli. Hii ni Ruvettus. Ni samaki wa deep sea."

Nimekaa kwenye ngazi za stoo, watu wakinipita.

Anaishi kilindini, kusikofika mwanga. Nyama nyeupe, tamu, imejaa mafuta yanayofanana na nta. Tumbo la mtu haliwezi kuyasaga, kwa hivyo yanateremka na kutoka vivyo hivyo. Ungemwosha Mama Ciku kwa spiriti asubuhi na jioni, bado wangeharisha.

Nimefungua kitabu cha picha. Ngozi yake imejaa miiba midogo, inakwaruza kama msasa. Ngozi ya nguru ni laini. Kipofu angewatofautisha kwa kidole. Zamani kila mnofu ulikuja na ukanda wa ngozi juu yake, ndiyo ilikuwa desturi, ili mkaguzi ajue anachotia sahihi. Mwaka jana wateja walilalamika kwamba ngozi inawachefua. Nikaandika barua Mombasa: toeni ngozi yote. Mimi. Kisha nikaendelea kutia sahihi kana kwamba bado ninaona kitu.

Siamini. Nimeosha uso mara kadhaa, bado siamini.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia meneja. Anasema makasha yarudishwe kimyakimya, na ripoti ya kwanza ibaki ilivyo. "Kwani unataka kujimaliza? Huyo mpishi atapata kazi kwingine."

Nilifurahi kidogo kwamba kuna njia ya kutokea. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ijumaa, 14 Machi
Ripoti mpya. Mistari mitatu. Samaki alitambuliwa vibaya, aliyemtambua ni mimi, mpishi hana kosa. Nimeambatanisha karatasi ya Mwende na kumpa meneja mkononi.

Nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeenda Kiganjo, nyumbani kwa Mama Ciku. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, mikono mapajani. Saa saba mchana, na jiko lake limepoa. Jirani ndiye aliyeleta chakula cha watoto, kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

Nikamwambia yote, nimesimama. Nilitarajia matusi. Nilikuwa nayangoja.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. Kisha, polepole: "Tangu siku hiyo sijapikia watoto wangu. Niliogopa nitawaua. Ukisema kitu, Madam, si huwa ni hivyo?"

Aliinuka, akawasha jiko, akaweka maji ya ugali. Akaosha mikono. Akaitazama, akaiosha tena.