Mkono wa Delphine

Jumanne, 14 Desemba 2010
Leo tena Seneti. Viatu vimenila vidole. Prewitt — kapteni wa zamani, anayetuongoza sisi tuliofukuzwa jeshini — anasema kura i karibu, na sheria inayowafukuza wanajeshi mashoga na wasagaji itakufa wiki hii au itaendelea kututafuna.

Seneta tuliyekuja kumwomba kura hakuwapo mwenyewe. Tulipewa msaidizi wake, bwana mmoja asiyebanduka kwenye simu. Nikamweleza yaliyonipata. Simu. Nikamweleza habari za mpenzi wangu, bila jina, kwamba bado yumo kazini na anajificha. Simu! Basi nikautoa ule moto: fundi wa helikopta, mwanamke, aliungua mkono kule Iraki akimvuta rubani, na hospitalini nilijiita binamu ili niruhusiwe kumwona.

Simu ikawekwa mezani.

Delphine, mpenzi wangu huyo, alinikataza jambo moja tu. "Sema yote, Corinne, ila moto uache — kambini huu mkono wanaujua wote."

Jumatano, 15 Desemba
Bunge la chini limepitisha mswada wa kuifuta sheria ile. Imebaki Seneti. Delphine kapiga simu, kauliza jana ilikuwaje. Nikasema vizuri, nikaishia hapo. Kaniita shujaa wake.

Ijumaa, 17 Desemba
Seneta kasema kwenye televisheni. Fundi, helikopta, mkono wa kushoto, binamu — yote! Kasema habari hiyo imemgeuza, atapiga kura ya ndiyo. Ofisini walininyanyua juujuu. Prewitt alilia. Mimi nikaenda kujifungia chooni.

Jioni simu ya Delphine. Sauti ndogo. Kamanda amemwita Jumatatu, na kamshauri aje na wakili. Hakuniuliza nani alisema. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 18 Desemba
Imepita! Watu wanakumbatiana na wasiowajua. Prewitt kanishika mabega.

"Mwambie mwenzio sasa alale usingizi, Sajini."

Bado saini ya Rais, bado wakubwa wa jeshi waridhie, na mpaka hapo sheria ya zamani ndiyo sheria. Inaweza kuchukua miezi. Delphine ana Jumatatu. Nikaondoka bila kuaga, nikaelekea North Carolina kwa Delphine huku redio ikishangilia njia nzima.

Jumapili, 19 Desemba
Jikoni kwa Delphine. Kanipikia mayai, yeye hakula. Sasa anapiga pasi sare ya kesho kwa mkono wa kulia. Wa kushoto anakandamizia tu, vidole havinyooki. Nimemwambia kila kitu, hata ile simu ya yule bwana. Alisikiliza huku akinyoosha kola. Nikaomba samahani. Akasema hiyo ameshaisikia, niongeze nyingine.

Akaigeuza sare, akauliza:

"Bila ule moto, seneta angepiga ndiyo?"

"Sidhani."

"Na leo ukirudishwa mbele ya yule bwana, unayajua yote haya. Ungesema?"

Nikavuta daftari, nikajifanya nina la kuandika. Ndiyo haya. Sauti ya pasi imekoma. Amenigeuzia mgongo, anatazama nje, ananipa nafasi ya kumdanganya nikitaka.

Anangoja. Jibu ninalo. Ndiyo maana siinui uso.