Pikapu ya uniti mia na kaburi la Aloisi

Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, bati linapiga kelele, na nyonga yangu leo inaringa kuliko mkwe mwenye pesa.

Niandike mapema kabla hamjasikia kwa watu: katika wilaya nzima ya Kilosa, mimi ndiye mzee wa kwanza kuendesha pikapu ya umeme. Usukani mkononi, akina mama nyuma wamejaa, nimeitoa huku nje ya Kilosa mjini mpaka Zombo bila kutumia umeme hata chembe. Nitajieni mwingine aliyefanya hivyo.

Haya. Ni uongo.

Usukani nilishika kweli. Lakini mbele yangu kulikuwa na trekta, na kati ya trekta na mimi kulikuwa na kamba. Mwendeshaji alikuwa wa trekta. Mimi nilikuwa navutwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Nacheka huku naandika, ila kicheko chenyewe hakishuki tumboni.

Jana tulimzika Aloisi. Hapo nimekosea tena. Jana walimzika Aloisi.

Aloisi ni Msagara wa Zombo. Mimi ni Mnyamwezi, babu yangu aliletwa huku kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo makabila yetu ni watani, na tulitaniana tangu tukiwa vijana tunaendesha malori ya shamba la mkonge, mpaka meno yakatuishia wote wawili. Ninyi mliokulia mjini labda hamjui kazi ya mtani msibani. Kazi yake ni kuvuruga. Watu wakilia, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea. Jeneza likifika, anauliza kama mtu amekufa kweli au anakwepa kulima. Kaburi likiwa tayari, mtani anashuka mle ndani, anajilaza, anagoma kutoka mpaka familia impe kuku au chochote. Hapo ndipo wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Mtu akizikwa hivyo, unajua alikuwa na watu wake.

Mimi na Aloisi tulibishana miaka mingi nani atalala kwenye kaburi la mwenzake. Nilipougua, alikuja kunitazama, akatoa kamba mfukoni, akanipima urefu pale kitandani mbele ya mke wangu. Akasema anataka tu kujua kama shimo langu litamtosha. Mke wangu alimfukuza na mwiko. Nikapona kwa hasira.

Basi safari ya jana kwangu ilikuwa na jambo moja tu. Niwahi kaburi likiwa wazi.

Alifia hospitali kule Berega, nami nikaenda huko kumsindikiza. Watoto wake wawili walikuja kumchukua, na kila mmoja alikuja na pikapu ya umeme. Ukoo mmoja, magari mawili yasiyonguruma. Veronika, aliyeolewa Mikumi, lake ni dogo, anapelekea mboga na nyanya kwenye hoteli za watalii. Benedicto, kaka yake, alitoka Dar es Salaam na dude refu, jeusi, lenye mistari miwili ya viti na ubaridi wa ndani. Ijumaa jioni, baba yao yuko chumba cha maiti, wao wako uani kwa mwenyeji aliyetulaza pale Berega wanalinganisha magari. Msiwalaumu. Watu wakizidiwa na msiba huongea habari za magari.

Nilisogeza kigoda nikasikiliza, na nikaelewa zaidi ya nilivyotarajia. Betri inapimwa kwa uniti, zile zile za mita ya nyumbani. La Benedicto linabeba uniti mia. La Veronika sitini. Benedicto akaona mabishano yameisha hapo, maana mia ni mia. Dada yake akamuuliza gari lake linakula uniti ngapi kwenye kilomita mia. Akasema kama thelathini, likiwa tupu. La Veronika linakula ishirini. Nikapiga hesabu kwa vidole, mimi wa darasa la nne: uniti mia zinampeleka kaka kilomita mia tatu na kitu, uniti sitini zinampeleka dada mia tatu kamili. Mzigo wote ule wa betri, na tofauti yenyewe haifiki mbali. Betri kubwa nayo ni uzito. Gari linakula ili libebe chakula chake lenyewe.

Halafu kujaza. Mwenyeji alikuwa na soketi moja inayofaa. Veronika alichomeka tangu mchana, likajaa. Benedicto alichomeka jioni, akapata kidogo, umeme ukakatika. Kulijaza lile kwa soketi ya nyumbani ni kama kujaza tangi la shule kwa kikombe cha chai. Akasema haina neno, kioo cha gari kinaonyesha zimebaki kilomita mia mbili na zaidi, na kutoka Berega mpaka Zombo hata mia mbili hazifiki.

Leo ndiyo najua kile kioo kilikuwa kinasimulia nini. Kilikuwa kinasimulia safari ya Benedicto peke yake, kwenye lami, gari tupu. Kesho yake kilikuwa hakijui.

Jumamosi asubuhi jeneza likawekwa kwenye gari la Veronika, kwa kuwa ubavu wake ni mfupi, linapakiwa kirahisi. Akaweka majani mbele, akawasha taa. Akanifungulia mlango.

"Baba, panda kwangu," akasema. "Ukae karibu na rafiki yako."

Na mimi, mbele ya wafiwa wote, nikamjibu: "Mwanangu, Aloisi anakoroma. Sisafiri naye."

Watu walicheka. Hata Veronika alicheka, akapangusa macho. Ulikuwa utani mzuri, wa mahali pake. Na kusema ukweli nyonga ilikuwa inatamani ule ubaridi wa ndani na kiti cha Benedicto cha kulalia nyuma. Nikapanda gari kubwa.

Utani ule ndio ulionikosesha kaburi.

Kuna kitu wenye kuchora magari haya hawakijui. Huku kwetu gari la msiba halimkatai mtu. Mtu akisema nami naenda kuzika, huwezi kumwambia gari linakula uniti thelathini. Kwa sababu dogo limebeba jeneza, lile kubwa likabeba dunia yote iliyobaki. Viti vya plastiki, turubai na vyuma vyake, masufuria, magunia ya mchele. Tulipofika Chanzuru tukawakuta shangazi za Benedicto wanasubiri barabarani na kuni. Kuni! Kwenda Zombo, ambako miti imejaa mpaka milangoni. Shangazi Kolasta, mkubwa wao, akapanda wa kwanza, akapiga bodi ya gari kofi kama anapima punda, akasema gari la namna hii lingekuwepo zamani asingeolewa na mwenye baiskeli. Benedicto akatabasamu. Hakuweza kukataa. Mimi mwenyewe nisingekataa.

Veronika alikuwa anakwenda polepole, kama maiti inavyostahili. Polepole ile ikamlindia umeme wake. Benedicto akampita. Masufuria yalitakiwa yatangulie, na nadhani pia aliona aibu gari la uniti mia kufuata la uniti sitini. Akakanyaga. Nilikuwa naangalia kwenye kioo namba zinavyoshuka, kilomita mbili, tatu kwa kila moja tuliyotembea. Nikamwambia apunguze. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mtani, magari yenu ya dizeli yalikuwa yanapandaje vilima?" Yalikuwa yanapanda kwa kelele, lakini yalikuwa yanapanda.

Kilosa mjini nikamsihi tusimame, tutafute mtu mwenye soketi. Akasema hatuwezi kuegesha msiba kwenye ukuta wa mtu tunasubiri uniti. Tukaendelea. Tukaacha lami, tukaingia tope.

Hapo kwenye kioo kikatokea kipicha cha kobe. Msidhani natunga. Waliolitengeneza gari wameliwekea kobe, akitokea ujue limechoka. Kwa mbali nyuma yetu nyaya za treni ya umeme zilionekana, zinang'aa, umeme wa kutosha mji mzima, na sisi tunatambaa na kobe wetu. Likatambaa, likatambaa, likasimama. Bila mlio. Dizeli ikiisha gari linakohoa, linakupa nafasi ya kulitukana. Hili lilinyamaza tu.

"Mfiwa wa kwanza kuzimia ni gari," alisema Shangazi Kolasta kutoka juu ya kuni.

Veronika alitufikia. Alishuka akatazama, hakusema neno la kumcheka kaka yake, na hilo lilimuuma Benedicto zaidi. Nilitaka kupanda kwake. Lakini shangazi wawili, dada wa damu wa marehemu, walikuwa wameshaingia, na kiti kilikuwa kimekwisha. Siwezi kumshusha dada wa maiti. Wakaondoka na Aloisi.

Baada ya muda ikapita bodaboda, moja, mwenye nayo anaelekea huko huko. Nikanyanyua mkono. Benedicto naye akanyanyua.

"Mtani," akasema, "mimi ndiye kifungua mimba. Lazima nirushe udongo. Usukani nakuachia wewe, hapa hakuna mwingine aliyewahi kuendesha."

Ni mtoto wa marehemu. Baba yake ni mmoja. Nikashusha mkono.

Akanionyesha kitufe cha kulegeza gari ili magurudumu yazunguke likivutwa, akapanda bodaboda, tope likamfunika. Trekta lilipatikana kwa shida, mwenyewe alikuwa shambani kwake na hakuona sababu ya kuharakisha. Likatuvuta. Usukani mzito kama wa lori la mkonge. Akina mama walianza kuimba nyimbo za msiba nyuma, na mimi mbele, njia nzima, nilikuwa nafanyia mazoezi maneno nitakayosema nikiwa nimelala shimoni. Niliamini kabisa kwamba watangoja.

Tulipofika Zombo watu walikuwa wananawa mikono wapate chakula.

Kilima cha udongo, msalaba, maua ya karatasi yameanza kulowa. Veronika akaja mbio. "Tulikungoja, Baba," akasema. "Katekista alikubali tungoje. Halafu mvua ikaanza, maji yakaingia kaburini."

Nikamuuliza nani alishuka. Akainamisha kichwa. Hakushuka mtu. Watani wengine wa pale ni vijana, wanaona haya, mmoja alikuwa anapiga picha. Aloisi, mtu aliyepima kitanda changu kwa kamba, amezikwa kimya kimya na kwa adabu, kama mkaguzi wa elimu.

Sikula. Nilikaa kwenye gari la uniti mia, kwenye kile kiti cha kulalia, kikiwa cha moto maana ubaridi haukuwepo tena. Benedicto alikuja na sahani ya wali, akaniomba radhi, akaanza kunieleza kwamba kosa halikuwa la betri, ni mzigo, na mwendo, na tope, na kwamba betri kubwa zaidi ingetufikisha. Ingekuwa kubwa zaidi, Benedicto, shangazi zako wangeleta na ng'ombe.

Veronika alichomeka gari lake kwa jirani mwenye umeme akaniletea chai. Aliniambia limefika na akiba. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshinda ubishi asioutaka.

Leo nina hasira na kila mtu. Na Benedicto kwa kioo chake. Na shangazi kwa kuni. Na mvua. Na mdomo wangu, uliosema mtu anakoroma wakati mlango wa gari ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu. Na Aloisi mwenyewe, ambaye najua angecheka mpaka akohoe, na sina tena wa kumjibu.

Sasa, Benedicto. Mke wangu ameniambia unasoma ninayoyaandika hapa. Mtani ana haki yake msibani, na yangu hamjanipa, wala usiniletee kuku. Kabla hujarudi Dar es Salaam, siku mvua ikikatika, azima gari la dada yako unipitie hapa Kilosa unipeleke Zombo. Tusibebe mtu mwingine. Utanisaidia kulala chini pale pembeni ya udongo, maana nyonga haishuki yenyewe, kisha utakaa mbali kidogo usisikie, nimtukane baba yako mpaka nimalize, halafu uje uninyanyue.