Mgongo wa Lalla Batoul

Dada yangu Zhor,

Salamu kutoka Fez. Kitambaa kimefika, rangi imenipendeza. Mimi bado niko hamamu, nasugua migongo ya watu wanaokuja kuoga.

Sasa sikia. Yule aliyekuwa mama mkwe wako, Lalla Batoul, aliyekufukuza na kichanga chako, akamwita marehemu mama yetu mbwa alipokwenda kukuombea urudishwe, kaja hamamu kwetu! Peke yake, haoni, anapapasa ukuta.

Nikachukua glovu mpya, ile inayokwaruza kama msasa. Nikasema moyoni, leo atanitambua. Kumgeuza, mgongo umejaa vidonda. Nyumba nzima imejaa wake za wanawe, hakuna anayemwosha. Nikaitupa glovu, nikamwosha kwa kiganja, huku nimeuma meno.

Nilipommwagia maji akashukuru kama tunavyoshukuru wote: "Mungu awarehemu wazazi wako, binti yangu."

Utamu nilioupata, Zhor, kinywa kilekile kumwombea mama! Tangu hapo nimewakataza wenzangu kumgusa. Kila Alhamisi ni wangu, na kila ndoo ina dua yake.

Jana nilikuwa nimepiga magoti namsugua nyayo. Nikamwambia, "Leo mtaje mama yangu kwa jina. Fadma wa Sefrou."

Akauvuta mguu. "Kumbe ni wewe, mdogo wake Zhor?"

"Maji yanapoa, Lalla. Sema."

Akasema, analia. Nikashika mguu wa pili.

Usiniulize kama nimemsamehe. Ila Alhamisi akichelewa, natoka mlangoni kumwangalia.

Mdogo wako mwenye mikono iliyochubuka,
Rqia