Mlango Umeshika Kani

Ijumaa. Upepo umelala tangu asubuhi, na hapa Kajificheni upepo ukilala hata paka hawagombani. Kanga zilizoanikwa uani zimening'inia kama watu waliosusa karamu.

Shajara yangu, leo mzaha ninao kidogo tu. Nitautumia kwa uangalifu, usije ukaniishia katikati.

Kwa wageni wa blogi hii: mimi ndimi Shaabani, papasi mkongwe wa Mji Mkongwe, wenzangu huniita Profesa. Kazi yangu kuwatembeza watalii vichochoroni na kuwapa hadithi. Nnajua Kitaliano cha kutafutia kazi, Kijerumani cha kusalimia na Kifaransa cha kuombea radhi. Fizikia tuliagana kidato cha pili, na mpaka leo hatujaafikiana nani alimwacha mwenziwe.

Hadithi yangu inayopendwa kuliko zote ni ya mlango unaofunguka wenyewe. Wageni hutoa macho, wengine hushikana mikono. Nisichowaambia ni kwamba mlango wenyewe ni wa kwangu.

Ni mlango wa kuingilia kwetu kutoka uani. Kitasa chake kilikufa zamani, tunaurudishia tu. Kila siku baada ya alasiri ulikuwa ukijifungua, taratibu, kwa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayesukuma kwa nyonga kwa sababu mikono yake imejaa.

Hivyo ndivyo mke wangu Kheri alivyokuwa akiingia. Alikuwa akiuza vitambaa Darajani, na alasiri hurudi na vikapu viwili. Anausukuma mlango kwa nyonga, anajikwaa kwenye viatu vyetu, kisha anapiga kelele: "Hivi viatu mnamwekea nani mlangoni? Mnataka nianguke mnirithi?"

Mwaka wa tatu huu tangu atutoke. Hatukurithi kitu ila mlango.

Barazani nlikuwa nikisema ni nyumba mbovu tu, mimi siogopi upuuzi. Uongo. Kila ulipofunguka nlikuwa nikisema karibu. Kwa ndani, midomo haikutikisika.

Sasa wiki iliyopita binti yangu Rahma, yeye ndiye aliye kidato cha pili sasa, akaja na kitabu chake.

"Baba, mwalimu anataka tutafute kitu nyumbani, tueleze kani zinazokifanyia kazi."

"Kani? Kani si ndiyo hiyo unayonishikia kila nikikutuma dukani?"

"Baba! Kwenye fizikia kani ndiyo fosi. Kusukuma au kuvuta."

"Basi niandike mimi. Nnawavuta watalii, askari wananisukuma."

Akacheka kwa puani kwanza, kama mama yake. Kisha akasoma kwenye daftari, kwa sauti ya kimwalimu: "Kani haionekani. Kinachoonekana ni athari yake. Kitu kilichotulia kikasogea, au kinachokwenda kikasimama, au kikageuka njia, au kikabadilika umbo."

Nikautazama mlango.

"Nataka kuuandika mlango," akasema.

Ningeweza kukataa. Lakini mtoto anapokuwa na macho ya namna ile, unamkataliaje? Nikamwambia andika, mama, na mimi babako nitakuwa msaidizi wa maabara.

Akafunga jiwe kwenye uzi, akauning'iniza karibu na mwimo. Uzi umenyooka, mwimo umelala upande. "Umeona, baba? Uzito wa mlango unauvuta ufunguke. Unazuiliwa na msuguano hapa chini unapogusa sakafu. Bi Zuwena akianza kutwanga huko juu, nyumba inatikisika, msuguano unashindwa, mlango unakwenda."

Bi Zuwena anakaa ghorofa ya juu, anauza urojo, na kila siku akishasali alasiri hutwanga thomu na tangawizi kwenye kinu kama ana kisasi navyo.

Kwa hiyo Kheri wangu alikuwa ni kinu cha thomu.

Rahma akachukua bisibisi, akalegeza bawaba ya chini, akatia kipande cha kadibodi kilichokunjwa, akakaza. Akauachia mlango. Ukakaa palepale. Akanitazama akingoja sifa, nami nikampa zote nilizokuwa nazo, mpaka nikapiga makofi.

Mwalimu akamsomea kazi yake mbele ya darasa. Nami nikatembea nayo baraza hadi baraza, hadi Jang'ombe kwa shemeji zangu: mwanangu kamfukuza jini kwa kadibodi! Bi Zuwena akanidaka kwenye ngazi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. We Shaabani, wazungu wote wa watu umewatia hofu ya majini, kumbe lako linaumwa na msuguano?"

"Ndiyo elimu hiyo, Bi Zuwena."

"Elimu nzuri," akasema. "Lakini mbona umekonda?"

Kwa sababu alasiri imekuwa ndefu, shajara. Adhana inakwisha, kinu kinaanza juu, twa, twa, twa, na mlango umeshika kani. Haufunguki. Mimi nimekaa kwenye mkeka nautazama kama mtu aliyeahidiwa. Rahma amekaa pembeni na kitabu.

Nlidhani elimu itanitoa hofu. Kumbe haikuwa hofu.

Na nimwambie vipi? Nimwambie mwanangu, kazi yako nzuri, umepigiwa makofi skuli nzima, sasa nirudishie ubovu wangu? Ningeonekana mjinga, na hilo nimelizoea. Lakini yeye ningemtia majonzi kwa jambo alilolifanya kwa akili yake mwenyewe. Nikaona bora niwe mwizi.

Jana asubuhi, alipokuwa skuli, nikachukua bisibisi. Nikapiga magoti, nikalegeza bawaba ya chini, nikaingiza kidole kutafuta kadibodi.

Haikuwepo.

Iliondolewa vizuri, misumari ya skrubu imekazwa upya kwa mkono mdogo uliojitahidi. Nikaikaza tena kama nlivyoikuta. Kumbe tulikuwa wawili tunaoungoja ule mlango, kila mmoja akimficha mwenziwe.

Aliporudi sikumuuliza. Naye hakusema. Nilimpikia chapati, zikatoka na pembe, akazila zote.

Basi nikasema sasa utafunguka. Jana alasiri nikakaa. Adhana ikaisha. Juu kimya. Nikatoka uani nikaita, "Bi Zuwena!" Hakuna naam. Nikakumbuka alishaniaga asubuhi: kenda Kizimkazi, harusi ya mjukuu wa dadake, mpaka wiki ijayo. Kafunga kufuli, kinu kiko ndani.

Hakuna kinu, hakuna mtikisiko. Mlango ukatulia jana, kama kitabu kinavyotaka. Kitu kilichotulia hutulia mpaka kisukumwe.

Sasa leo.

Leo nimetoka msikitini, nimekaa mkekani. Rahma katoka skuli, kavua viatu palepale mlangoni kama kawaida yake, kaurudishia mlango, kakaa na daftari. Juu kimya. Uani kimya. Namwona anaandika mstari huohuo mara mbili.

Mlango ukalia.

Ule mlio mmoja mrefu. Ukaja taratibu, kwa kiasi kilekile, ukasukuma kiatu kimoja cha Rahma, ukasimama.

Kalamu yake imekaa hewani. Mlangoni hakuna mtu. Uani hakuna mtu.

"Itakuwa upepo, baba," akasema, polepole.

Nikazitazama kanga kwenye kamba. Hazikutikisika hata pindo.

"Upepo tu, mwanangu."

Akanyanyuka. Nikadhani anakwenda kuufunga, nikainua mkono kumzuia. Hakuufunga. Akainama, akaviokota viatu vyake vyote viwili, kisha akarudi akavichukua na vyangu, akavipanga ukutani, mbali na njia.

Akakaa karibu yangu kuliko alivyokuwa. Nikasema karibu. Safari hii midomo ilitikisika, na najua alisikia, kwa sababu aliinamisha kichwa.

Jua limeshatua na mlango bado uko wazi. Hakuna kati yetu anayeinuka kuufunga.

Sijui nani kasukuma. Profesa mzima, sijui.

Kesho asubuhi, kabla ya wageni, nitapita Darajani ninunue mafuta ya bawaba. Msuguano upungue kidogo.